Mwalimu ameleta geimu klasini: mtoto anasoma ao anacheza tu?

Kwenye grupu moja ya WhatsApp ya wazazi hapa Bukavu watu hawalali. Ilianza na odio ya mama mmoja, karibu dakika tatu, anasema mtoto wake wa klasi ya 8e amefika nyumbani akamwambia leo kwa jiografia tumecheza geimu, na wiki inayokuja tunaenda kuhesabu chupa za plastiki kwenye mitaro ya Kadutu, komini moja ya hapa mjini. "Minervali ya shule ninalipa kwa dola jamani, mtoto aende kucheza na kuokota chupa?" Papa mmoja akamjibu, mama tulia, njo maendeleo hiyo, Ulaya wote wanasoma hivyo. Mwengine naye akarusha yake, Ulaya gani, Ufaransa tangu 2018 telefone za watoto ni marufuku shuleni. Kufika saa nne za usiku ilikuwa odio juu ya odio, na ukizisikiliza pole pole unaona kila mtu anapigana na kitu chake: huyu anaongelea telefone, huyu PlayStation ya kule kwenye kartie ambako watoto wanalipia mechi moja moja, huyu TP (zile kazi za kuandikia nyumbani), na hakuna hata mmoja anayeongelea kile mwalimu amefanya.

Mimi nilishika chaki miaka kumi na kitu kabla ya kuacha, na huyo prof ninamjua, nikamuomba nikae kwenye banki (dawati) la nyuma siku moja nione. Nitasimulia niliyoona, lakini kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo kwenye grupu yamepikwa chungu kimoja.

La kwanza ni geimu, wengine hapa wanasema jeu, ni kitu kile kile. Usianzie kwa telefone, anzia kwa igisoro, lile bao la mashimo 32 ambalo wazee wanacheza chini ya mti. Liko na sheria, liko na lengo, na kila ukicheza bao lenyewe linakujibu pale pale, umekosea, kete zimekwenda. Hakuna mtu wa kukupigia kelele wala kukuandikia sifuri na kalamu nyekundu. Geimu ya video ni vile vile, tofauti ni kwamba sheria zake nyingi zimefichwa ndani ya mashine na wewe unazigundua kwa kujaribu, unafanya hivi inakataa, unafanya vile inakubali, unaanza kujiuliza juu ya nini, yaani kwa nini. Hiyo "juu ya nini" muishike, njo mwalimu anaitafuta.

La pili ni mradi, na hapa njo vurugu kubwa, juu watu wakisikia mradi wanawaza TP. TP tunaijua wote: mwalimu anatoa kichwa cha habari, mtoto anakimbia kwa sekretaria, kijana wa pale anatoa kurasa sita kwenye intaneti, anatia jalada la rangi, anabana na agrafu, unalipa, mtoto anarudisha kazi ambayo hajasoma hata mstari mmoja, na mwalimu naye (tusidanganyane, nilikuwa mwalimu) anaangalia jalada anaweka 7 juu ya 10. Mradi ni kitu kingine. Ni kama vile mama anafundisha mtoto kupika sombe, majani ya muhogo. Hamkalishi chini amueleze historia ya kinu. Anamuwekea majani mbele, anamwambia wageni wanafika saa saba. Kuanzia hapo mtoto mwenyewe njo atauliza, mama natwanga mpaka wapi, mama uchungu unatokaje, mama mafuta tunatia saa ngapi, na kila jibu linamuingia juu analihitaji sasa hivi. Kwa hiyo mradi uko na swali la kweli, uko na siku ya mwisho, na kuna watu wa kweli wanasubiri kula. Kama hakuna mgeni anayesubiri, hapo hakuna mradi, kuna TP imevaa suti. Wala si mtindo wa juzi: Mmarekani mmoja, William Heard Kilpatrick, aliandika juu ya kufundisha kwa njia ya miradi mwaka 1918, telefone ya mkononi haijaota hata kwa ndoto.

La tatu ni majadiliano. Timu za Muungano na Bukavu Dawa wakicheza mpira pale uwanja wa Concorde, wewe kesho yake nenda kwa kinyozi usikilize. Mmoja anasema kocha alikosea kumtoa yule wa kushoto. Mwengine anamwambia hapana, yule alikuwa amechoka tangu dakika ya 60, hukuona alivyokuwa harudi nyuma? Wa tatu analeta mechi ya mwaka jana kama ushahidi. Hao watu, ambao wengine hawakumaliza hata primeri, wanatoa hoja, wanatoa ushahidi, wanapinga, wanabadili mawazo (mara chache, lakini inatokea). Halafu chukua klasi ya kawaida, mwalimu anauliza "mumesikia?" watoto hamsini wanaitika "ndiyo prof!" na imeishia hapo. Wale wa kwa kinyozi wanaongea juu wote wameona mechi ile ile. Watoto hawaongei juu hawajaona kitu, wameandika tu kile kilichoandikwa ubaoni.

Sasa munganisha hayo matatu. Geimu inawapa watoto mechi moja ambayo wote wameiona, majadiliano ni kwa kinyozi, na mradi ni wale wageni wa saa saba, ili maneno yasibaki maneno.

Basi siku ile. Klasi ya watoto 53, laptopu moja ya zamani, projekta ya kuazima, kitambaa cheupe kimepigiliwa misumari ukutani. Umeme haukuwepo, laptopu alikuwa ameichaji usiku nyumbani kwake, projekta inaendeshwa na betri ya gari. Geimu yenyewe inaitwa Micropolis. Hiyo ni SimCity ya kwanza kabisa, ile ambayo Will Wright aliitengeneza na ikatoka mwaka 1989. Mwaka 2008 kodi yake (yale maandishi ya programu yanayoiendesha) ilifunguliwa kwa watu wote bure, juu ya zile laptopu ndogo za watoto za mradi wa OLPC, wakaibadilishia jina ikawa Micropolis. Kwa kuwa ni ya zamani haihitaji mashine ya nguvu wala intaneti. Wewe ni meya, unapewa uwanja mtupu wenye miti na maji, unapewa pesa 20,000 kama umechagua kiwango cha rahisi, ujenge mji.

Hakuna mtoto aliyegusa mashine isipokuwa mmoja, waliyemuita fundi, na fundi haruhusiwi kufanya kitu klasi haijakubali. Banki za mbele walikuwa watu wa pesa, banki za dirishani watu wa umeme na barabara, na banki zote za nyuma ni wananchi, kazi yao kulalamika. Nilikaa na wananchi. Hiyo kazi waliifanya kwa moyo wote!

Ugomvi wa kwanza ulikuwa umeme. Micropolis inakupa njia mbili tu, sentrali (kiwanda cha umeme) ya makaa kwa 3,000 ao ya nyuklia kwa 5,000. Msichana mmoja wa pesa akasimama, "Prof, tukitoa 5,000 tunabaki na 15,000, kila eneo la nyumba ni 100, barabara na nyaya bado, tutafika?" Mwengine anamjibu makaa ni moshi. "Moshi utakula wewe? Kwanza tupate mji!" Wakapiga kura, makaa wakashinda, na juu ya kubania pesa za nyaya wakaiweka sentrali katikati ya nyumba. Mji ukaanza, nyumba zikaota upande mmoja, makofi. Kisha upande wa sentrali nyumba zikakataa kuota. Wananchi nyuma wakaanza, "meya mwizi, meya mwizi".

Hapo prof akasimamisha geimu. Akazima na projekta, kitambaa kikabaki cheupe, akauliza: kwa nini? Mimi nasema somo la siku ile lilianzia hapo, dakika 20 zote za kucheza zilikuwa kuwasha makaa tu. Mmoja akasema ni taksi iko juu, ile kodi wananchi wanalipa (geimu inaanza na taksi ya 7 kwa mia). Mwengine akasema ni moshi. Wa tatu akasema ni barabara haifiki. Mwalimu hakusema nani ana haki, aliuliza tu, "unajuaje?" Kimya kirefu, kile cha kuumiza kidogo, mwalimu mwengine angekijaza na maelezo lakini huyu aliachia. Mpaka kijana mmoja wa wananchi, wale wa nyuma kabisa ambao kawaida wanalala, akasema: "Tuache taksi vile iko. Tujenge nyumba zingine mbali na moshi, barabara sawa, umeme sawa. Zikiota, ni moshi. Zisipoota, ni taksi." Mimi niliinua macho. Huyo mtoto ametengeneza jaribio la sayansi, amebadilisha kitu kimoja ameacha vingine vyote, na hakuna mtu aliyemfundisha hilo neno.

Zikaota.

Kesho yake, nimeambiwa, swali lilikuwa gumu zaidi na mimi njo nalipenda kuliko yote: huyu mji wa geimu na Bukavu yetu vinatofautiana wapi? Wakajaza ubao. Kwenye geimu hakuna takataka, mji mzima watu wanaishi na hakuna anayetupa kitu. Umeme wa maji haupo kabisa, wakati sisi tunakula umeme wa mto Ruzizi. Na la tatu ni zito: kwenye geimu hakuna mtu anayejenga mahali meya hakupanga! Hapa kwetu watu wanajenga mpaka kwenye mteremko ambao mbuzi anaogopa, mvua ikinyesha udongo unashuka na nyumba na watu. Mtoto mmoja akauliza meya wa geimu angefanya nini hapo, mwengine akamjibu geimu ina buldoza, unabonyeza nyumba inatoka. Ndipo mmoja akauliza, "na wale waliokuwa ndani wanaenda wapi?" Geimu haisemi. Nyumba inatoweka na mwenyewe anatoweka. Kwa nini aliyeitengeneza hakuweka hilo? Alisahau ao aliona si kazi ya meya? Mtoto wa miaka 14 akianza kuuliza nani alitunga sheria na aliacha nini nje, kesho atauliza hivyo hivyo mbele ya gazeti, ramani, hata hotuba.

Na chupa zinatoka wapi? Zinatoka kwenye ile safu ya "hakuna takataka". Mto Ruzizi unatokea kwenye Ziwa Kivu hapa hapa Bukavu na kushuka mpaka Tanganyika, na baraji (bwawa la umeme) ya Ruzizi I, ya tangu miaka ya 1950 ya Wabelgiji, iko pale pale mto unapotokea. Chupa ukitupa kwenye mtaro wa Kadutu, mvua inaisukuma, inafika ziwani, maji ya ziwa yanaivuta polepole mpaka kwenye baraji, inajikusanya na wenzake, zinaziba, mashine zinasimama, taa yako inazimika. Hiyo picha ya maji yaliyofunikwa na plastiki mbele ya baraji imezunguka dunia nzima. Basi swali la mradi likawa moja tu: chupa niliyotupa leo inafikaje kuzima taa nyumbani? Watoto wanahesabu chupa kwenye mtaro mmoja kabla na baada ya mvua, wanauliza wauzaji wanauza ngapi kwa siku, wanachora ramani ya njia ya maji, na tarehe imeshawekwa ya kuwaonyesha shefu wa avenyu na wazazi. Njo wale wageni wa saa saba. Ndani yake kuna hesabu, kuna jiografia, kuna kuandika Kifaransa juu ripoti ni kwa Kifaransa. Ila nakubaliana na mama wa odio kwa jambo moja: watoto wakienda mtaroni bila glavu na bila bote, huyo mwalimu agombezwe, na agombezwe vizuri.

Kuna anayesema hayo ni ya shule za matajiri, kila mtoto na kompyuta yake. Hapana, na kuna hadithi ninaipenda hapa. Mwaka 1971 kule Minnesota, Marekani, mwalimu kijana anayejifunza kazi, Don Rawitsch, alikuwa anatafuta namna ya kufundisha historia ya wale waliosafiri na magari ya ng'ombe kwenda magharibi. Na wenzake wawili wakaandika geimu, The Oregon Trail. Klasi nzima ilitumia mashine moja, na hiyo mashine haikuwa hata na skrini! Ilikuwa inachapa maneno kwenye karatasi, unajibu kwa kuandika, na kama unataka kuwinda ulitakiwa kuandika BANG haraka haraka, ukichelewa mnyama amekimbia. Watoto wamezunguka mashine moja wanabishana tununue chakula ao risasi. Geimu hiyo baadaye ilienea shule nyingi sana za Marekani, na baadaye pia watu wakaikosoa kwamba inaonyesha safari kwa macho ya wageni tu, wenyeji wa ile ardhi wanapita pembeni kama miti. Unaona, swali lile lile la buldoza.

Hata mashine isipokuwepo, unaweza kuchora mji kwenye ubao, chaki ya rangi ni nyumba, mwalimu ni mashine, anasema moshi umefika hapa. Si tamu kama skrini, lakini tangu masomo ya bure ya primeri yaanze 2019 na klasi zikajaa mpaka dirishani, mimi sioni wengi watafanya namna ingine.

Wazazi wanaoogopa geimu si wajinga. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeweka ugonjwa wa kushindwa kujizuia na geimu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika 2022. Lakini huyo ni mtu ambaye geimu imemla, ameacha kulala, ameacha shule, miezi na miezi. Dakika 20 na mwalimu mwenye kidole kwenye kisimamisho haziko kundi hilo, kama vile mvinyo wa misa si ulevi. Na lile la Ufaransa, wale wamekataza mtoto kuchezea telefone yake shuleni, hawakukataza mwalimu kuonyesha kitu ukutani.

Ninachoogopa mimi ni mwalimu kuchagua geimu bila kuwaza nani amekaa mbele yake. Iko moja, Papers, Please, ya Lucas Pope, ya 2013, wewe ni afisa wa mpaka kwenye kidirisha, unaangalia karatasi za watu, unalipwa kwa kila mtu, ukikosea unakatwa na nyumbani mtoto anasikia baridi. Anafika mwanaume, karatasi zake ziko sawa, anakuomba umuhurumie mke wake anayemfuata nyuma. Mke anafika, kibali hana. Utafanya nini? Hapa Bukavu, watu ambao kila siku wanavuka mpaka wa Ruzizi, hiyo klasi itawaka moto, na ni moto mzuri (kwa wakubwa wa humanite lakini, klasi za juu za sekondari, na kuna picha za uchi ambazo mwalimu anaweza kuzizima kwenye mipangilio, azizime kwanza). Nyingine ni This War of Mine, ya 2014, raia waliozingirwa kwenye mji wa vita wanatafuta chakula na dawa. Polandi mwaka 2020 waliiweka kwenye orodha ya masomo ya hiari kwa wanafunzi wa shule. Ni kazi nzuri sana, lakini mimi hapa singeigusa. Mtoto wa Polandi anajifunza vita kwa skrini, wa kwetu mwezi wa pili 2025 alisikia masasi kwa masikio yake. Huwezi kumfungulia hiyo saa mbili za asubuhi halafu ukapiga kengele umuache aende kwenye hesabu.

Halafu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kila mara ni Exetat! Prof, haya yote Exetat itauliza? Haitauliza moshi wa Micropolis, hapana. Lakini kabla ya zile karatasi za kuchagua jibu kuna disertasio, ile insha ya kutetea wazo, na hapo watoto wetu wanaanguka juu hawajawahi kutetea wazo lao mbele ya mtu anayewapinga, wamezoea Genie en herbe, yale mashindano ya maswali, jibu moja haraka haraka na makofi. Mtu ambaye amebishana wiki mbili juu ya sentrali atapata la kuandika. Ila isiwe kila siku. Prof mwenyewe aliniambia anafanya hivi mara mbili kwa mwaka, basi, siku zingine ni chaki na daftari kama sisi wote, juu kuandaa kunamaliza mtu na programu iko ndefu.

Grupu ya WhatsApp bado inaendelea. Jana yule papa wa maendeleo alimuomba mtoto amuelezee geimu, akaja kuandika kwamba yeye angekuwa meya angeshusha taksi mpaka sifuri watu wapumue. Haikupita dakika mbili, yule mama wa odio, ambaye nilifikiri ameshatoka kwenye grupu, akamjibu: "Na barabara papa utatengeneza na nini? Mtoto ananiambia ukikosa pesa za barabara zinaanza kuoza zenyewe." Papa akaandika atakopa. Mama akamuuliza kwa nani. Nilipolala walikuwa wamefika odio ya kumi na nne.